Kidevu cha Nyevu

Bendi ya Kutu ilipoanza ilikuwa na watu watano. Mmoja alizikwa, mmoja akatoroka na wimbo wa yule aliyezikwa, wakabaki watatu: Nyevu wa dramu, Masha wa gitaa, na Idarus, mtu wa Jomvu Kuu, ambaye alikuwa akipiga gitaa la pili mpaka besi ilipokosa mwenyewe, akaichukua yeye.

Walipiga roki, na kupiga roki Kisauni ni kazi ya kujitakia. Wakialikwa harusini huulizwa kama wanajua chakacha. Wakialikwa kanisani huambiwa wapunguze, kisha wapunguze tena, hadi Nyevu anabaki akipapasa ngoma kama anayepangusa vumbi. Hoteli moja ya ufuoni iliwapa saa nzima, na dakika ya kumi meneja akaja na sahani ya viazi, akawaomba kwa adabu wale kwanza. Wakala. Jukwaani hawakurudishwa.

Mazoezi walifanyia Frere Town, katika banda la mashine ya kusaga unga, kwa sababu pale kelele zilikuwapo tayari. Jirani aliyesema kitu ni Bi Tima peke yake, muuza mbaazi.

"Nyie wanangu," alikuwa akipita akiuliza, "hizo ni nyimbo ama mmebanwa vidole mlangoni?"

"Yote mawili, Bi Tima," Kai humjibu.

Kai, mpiga besi, alikuwa kaka yake Nyevu, na ndiye aliyekuwa akisaga pale. Mashine ile ilikuwa na mkanda uliowahi kukatika ukashonwa, na kiraka chake kikipita juu ya gurudumu kilipiga: ta! Injini ilidunda mara saba, kiraka ta; mara saba tena, ta; halafu mkanda ukateleza, ikadunda mara tano tu, ta. Watu walioleta mahindi walisikia makelele. Kai, kajaa unga mpaka kwenye kope, alisikia wimbo. Akautunga palepale, akauita "Unga wa Jana", juu ya mama yao na miaka ile aliyowalea kwa kusagia watu. Saba, saba, tano. Sauti ya mwimbaji inaingia katikati ya ile tano, na asiyehesabu anatumbukia shimoni.

Mwimbaji wao, Brandon, alikuwa hahesabu. Alizaliwa Changamwe, wazazi wake watu wa bara, na alikuwa na sauti ya kumfanya mtu asahau alikuwa ameudhika na nini. Ila hesabu ilimshinda kabisa. Kai alimfundisha kwa vidole, kwa kokoto, kwa kumpiga mgongoni. Wapi! Mwisho wakapata njia. Bendi nzima irudierudie mwanzo wa wimbo, izunguke tu, mpaka Nyevu ainue kidevu. Kidevu kikipanda, wote wanageuka pamoja, na Brandon anaingia. Miaka mitatu waliupiga hivyo. Brandon alijifanya anacheza, anageuka nyuma kidogo, anatazama kidevu, anaingia safi kama aliyezaliwa nao.

Kisha Kai akagongwa na lori Miritini akafa, akitoka kuchukua spika kuukuu ya bendi. Hanga la kumwomboleza lilikaa kwao siku saba. Walikuja watu ambao Nyevu hajawahi kuwaona, hata yule meneja wa viazi alikuja. Brandon hakuja. Simu yake ilikuwa imezimwa. Baadaye ndipo walipojua kwamba wiki ileile ya hanga alikuwa Nairobi, studio, anarekodi "Unga wa Jana".

Watu wa studio walikuwa wameunyoosha kwa kompyuta, ile saba-saba-tano wameikatakata mpaka imekuwa nne-nne kama nyimbo zote za dunia. Ukapendwa. Mtangazaji alimuuliza Brandon wimbo ule aliutoa wapi, na Brandon akasema aliuandika peke yake, chumbani, siku moja ya mvua, akimfikiria mama yake.

Mama yake Brandon alikuwa na duka la nguo. Hajawahi kusaga unga hata wa uji.

Kwao Nyevu redio ilikaa jikoni, na kila asubuhi wimbo ukipita, mama yao, Mama Dhahabu, aliacha alichokuwa akifanya akasikiliza mpaka mwisho.

"Si huu ni wa Kai?"

"Ni wa Kai, mama."

"Mbona hawamtaji?"

Miaka miwili Nyevu aliulizwa swali hilo. Hasira yake ilikuwa ikigeuka polepole kama jiwe la kusagia, na kila asubuhi ilipata cha kusaga.

Basi siku moja ya Jumatano, Brandon akaingia bandani mwenyewe, na viatu vyeupe, pamoja na mwanamke mmoja aitwaye Gladys aliyekuwa akiandaa tamasha la Jumamosi, alasiri, uwanjani Changamwe.

"Niaje, familia," Brandon akasema.

Masha aliendelea kukaza nyuzi.

Gladys ndiye aliyeeleza. Watu wa Changamwe walikuwa wakimtania Brandon mitandaoni kwamba ni mwimbaji wa kompyuta, kwamba umeme ukipotea naye anapotea. Sasa anarudi nyumbani na anataka apige na watu wa kweli. Na Kutu wakifanya vizuri, yeye Gladys ana maonyesho mengine saba, kutoka Likoni hadi Malindi, na hana bendi.

Masha akaacha nyuzi. Masha alikuwa na miaka arobaini na moja, na muda wote huo hakuna mtu aliyemwambia maneno kama hayo.

"Mnaona aje?" Brandon akauliza, lakini alikuwa akimtazama Nyevu.

"Tutapiga," Nyevu akasema. "Ila tupige ule wenyewe. Wa saba, saba, tano. Ukipiga ule wa kompyuta na bendi, watakucheka zaidi."

Brandon akatabasamu mpaka fizi zikaonekana. "Ndiyo maana nakupenda, wewe. Hiyo ndiyo nilikuwa nataka kusema."

"Na jukwaani utamtaja Kai?"

Tabasamu likarudi ndani. "Nyevu, dadangu. Kai alikuwa buda yangu, rafiki wa kweli, unajua. Lakini kuna wakili, kuna mikataba. Nikitaja jina la mtu juu ya ule wimbo ni vurugu. Nitawasha mshumaa nyumbani, sawa? Ya jukwaani tuache."

"Sawa," akasema Nyevu.

Idarus, aliyemjua Nyevu tangu wote hawajaota meno ya pili, alisikia ile sawa akaweka besi chini. Walipoondoka wageni alimsogelea.

"Wataka kufanya nini, we dada?"

"Kupiga dramu."

"Wallahi sura hiyo si ya kupiga dramu. Ni ya kupiga mtu."

"Wewe tazama kidevu changu, Idarus. Kisipopanda, usigeuke. Si ndivyo tulivyopiga siku zote?"

Ijumaa wakafanya mazoezi. Nyevu alimpa Brandon ishara kila mara, kwa ukarimu, kidevu juu, karibu ndani. Mara sita, mara sita zote Brandon aliingia vizuri, na wala hakufungua kinywa kuuliza hesabu. Hapo ndipo Nyevu alipojua hajajifunza. Alikuwa anadhani kidevu ni sehemu ya wimbo.

Jumamosi uwanja ulijaa. Walikuja akina mama waliomjua Brandon anatembea bila suruali, walikuja watu wa bodaboda na abiria wao, walikuja wanafunzi aliosoma nao. Brandon alipanda na miwani, akawasalimu kwa jina mtaa mmoja mmoja, wakampigia vigelegele. Nyimbo tatu za kwanza zilienda kama maji. Masha alipiga gitaa kama mtu aliyefunguliwa kamba, na Gladys kule pembeni alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Na sasa," Brandon akasema, "ule mnaoungoja."

Nyevu akaanza. Saba, ta. Saba, ta. Tano, ta. Besi ikaingia, gitaa likaingia, na uwanja wote ukanyanyua mikono. Brandon akacheza kidogo, akageuka nyuma kama zamani, akatazama.

Kidevu kiko palepale.

Akacheza mzunguko mmoja. Akageuka tena. Nyevu alikuwa akimtazama machoni, anapiga, anapiga, na shingo yake imesimama kama nguzo. Mzunguko wa tano. Wa sita. Mikono ya watu ikaanza kushuka. Brandon akaona heri ajitupe; akafumba macho akaimba mstari wa kwanza, nao ukaangukia mahali pabaya kabisa, sauti huku, muziki kule. Akanyamaza. Akajaribu tena, akaanguka tena.

"Leo kompyuta imezimika!" mtu akapiga kelele.

"Brandon, umesahau wimbo wako mwenyewe?"

"Mpeni karatasi asome!"

"Baba, imba, ama tukapike!"

Uwanja ukacheka. Kicheko cha watu wa nyumbani kina meno kuliko cha wageni. Brandon akarudi nyuma hadi kwenye dramu, jasho linamtiririka chini ya miwani, akainama kama anayetoa maagizo.

"Nyevu, nipe ishara. Tafadhali."

"Mtaje," Nyevu akasema, bila kukosea pigo hata moja.

"Sio hapa."

"Basi zunguka."

Masha alikuwa akimkodolea Nyevu macho. Angeweza kugeuza wimbo mwenyewe, mwanzo ule aliujua kuliko jina la babu yake. Lakini mikono yake ilizoea kidevu, nayo ikakataa kwenda bila hicho. Idarus alikuwa ametazama chini.

Brandon akarudi mbele. "Wimbo huu," akasema, "nampelekea rafiki yangu mmoja aliyetutoka. Kai."

Watu wachache wakapiga makofi. Akageuka. Nyevu akatikisa kichwa: hapana. Akaongeza nguvu.

"Kai, ambaye... tuliuandika pamoja."

Hapana. Sasa alikuwa akipiga ile ngoma ya mguu mpaka mbao za jukwaa zikaruka, na kila ta ilimwingia Brandon mgongoni, ilionekana. Watu walishaelewa kwamba wanachokitazama si wimbo tena. Brandon akavua miwani, na bila miwani alikuwa na sura ya mtu asiyelala vizuri, na Nyevu akaona, na haikumsikitisha hata kidogo.

"Sikuuandika," Brandon akasema. Sauti ikamkatika, akaiokota. "Wimbo ni wa Kai. Kai Munga, wa Frere Town, alikuwa akisaga unga. Mimi sikuandika hata neno moja. Nilidanganya."

Ikabaki ile saba, saba, tano.

Halafu mama mmoja kule mbele akapiga kigelegele, mwingine akampokea, na uwanja wote ukalipuka kwa makofi. Walikuwa wamemsamehe. Ndivyo walivyo watu. Mtu akilia mbele yao wanamchukulia kama mwana wao. Brandon akafuta uso, akashika maikrofoni kwa mikono miwili, na akageuka nyuma, tayari kuimba kama hajawahi kuimba, akingoja kidevu.

Nyevu alimwacha angoje mizunguko miwili kamili. Alitaka aipate vizuri ile hali ya kungoja. Kisha akapiga pigo moja la mwisho, akashika matoazi yasilie, akavilaza vijiti juu ya ngoma, akainuka, akashuka jukwaani.

Kule nyuma Masha ndiye aliyemfikia kwanza.

"Alisema! Ulitaka aseme, akasema! Kwa nini hukumpa?"

"Nilisema amtaje. Sikusema ataimba."

"Na mimi je?" Masha alikuwa analia kwa hasira, gitaa bado liko shingoni. "Maonyesho saba, Nyevu. Saba! Gladys ameondoka hata kwaheri hajasema. Umemchoma Brandon, sawa, na sisi tulikuwa ndani ya nyumba hiyohiyo."

Nyevu akaanza kufungua dramu. Idarus alimsaidia kubeba mpaka nje ya uwanja, na walipoagana alisema tu, "Mwenyezi Mungu amrehemu Kai."

Nyumbani, hata hajavua viatu, video ilikuwa imeshafika kwenye simu ya jirani, na kutoka kwa jirani ikafika kwenye simu yake. Mama Dhahabu alikaa kwenye kiti cha jikoni, Nyevu akachuchumaa karibu yake akaishika simu. Ilikuwa dakika moja na nusu, imechukuliwa kutoka mbali, lakini sauti ilisikika.

Wimbo ni wa Kai. Kai Munga, wa Frere Town.

Mama akaweka mkono kifuani. "Rudisha," akasema.

Nyevu akarudisha.

"Tena."

Mara ya nne, mama alianza kutabasamu jina lilipofika, na midomo yake ikalitamka pamoja na simu, Kai Munga, polepole. Nyevu hakuwa akilisikiliza jina. Yeye alikuwa akingoja pale kabla ya jina kidogo, pale Brandon aliposema sikuuandika na sauti ikamkatika. Palikuwa padogo sana, kama pumzi moja. Kila paliporudi alipasogelea zaidi kwa sikio, na kila mara aliona pamekuwa pafupi kuliko alivyopakumbuka.

"Rudisha, mwanangu," mama akasema.

Akarudisha, kwa furaha.