Kikombe Chini ya Goti

Drande alikuwa akiziba dirisha kwa mfuko wa mbolea, mvua ikimpiga usoni, Ndoc alipotokea mlangoni na koti lake zuri la Italia. Alikuwa mchumba wake zamani, alipouvuka mto Buna wa mpakani kwa kuogelea, kuwakimbia wakomunisti. Yeye akapona. Chama kikamchukua Drande na baba yake, kikawatupa huku kwenye kambi ya kinamasini wachimbe mitaro, kwa sababu mkimbizi haadhibiwi peke yake. Siku hizi Chama hakipo tena, lakini kibanda kipo, na Drande angali humo. Aende wapi?

“Umezeeka,” Drande alimwambia.

“Na wewe umekonda. Nimekuja kukuchukua, Drande. Sikuoa.”

Drande alitaka kumtukana. Badala yake alilia, na moyo wake, mjinga ule, ukafurahi. Akabandika kahawa.

Hawajakaa vizuri, Sokol akapiga hodi na kuingia bila kungoja jibu. Zamani alikuwa mkuu wa kambi; sasa ni mwenyekiti wa kata, tena wa kuchaguliwa kwa kura. Ndoc aliinuka, akampa mkono, akambusu mashavu yote mawili.

“Karibu nyumbani, ndugu yangu,” Sokol akasema. “ Nasikia unatuibia binti yetu.”

“Ukituruhusu, mzee. Bila hati yako hapewi pasipoti.”

“Muhuri ninao mfukoni. Tunywe kwanza.”

Drande alimvuta Ndoc kando ya jiko, akamnong’oneza. “Huyo ndiye aliyemfunga baba kwenye nguzo, nje kwenye theluji. Asubuhi tulimkuta amekufa, amekauka kwa baridi.”

“Najua. Nimeambiwa njiani. Sasa nifanyeje, na muhuri anao yeye? Meza tu, kesho tuko mbali.”

“Nimemeza ujana wangu wote, Ndoc.”

Akamimina. Kikombe cha Sokol alimpa mkononi, kama mgeni yeyote. Cha Ndoc alikipitisha kwanza chini ya goti lake, ndipo akamsogezea. Kwao milimani kikombe cha namna hiyo hupewa mwanamume ambaye watu wake wamedhulumiwa naye akanyamaza, aaibike mpaka alipize kisasi. Hata watoto wanalijua hilo.

Ndoc alilijua. Alikivuta ghafla, kahawa ikamwagikia koti. Sokol naye alilijua. Alitabasamu, akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi wino ulainike.

“Kunywa, bwana,” akasema. “Itapoa.”

Ndoc hakumtazama Drande. Alikunywa chote, mpaka mashapo.