Uvimbe Usiohitaji Tochi

Daktari aliosha mikono, akavaa glavu, akachukua tochi ndogo. Uvimbe wa ukeni humulikwa. Ukipitisha mwanga, basi ndani ni maji. Akamwomba mshonaji wa nguo aliyelala kitandani alegeze magoti, akainama. Kisha akaizima tochi na kuirudisha mfukoni, kwa kuwa uvimbe ule, mkubwa kama yai la kuku, ulikuwa unawaka wenyewe.

Sehemu za siri, wanasema, lakini siri gani tena inayomulika hadi nje ya gauni? Tangu mwaka jana mshonaji alikuwa akitunga uzi kwenye sindano kwa mwanga wake. Mama mkwe alipouona aliguna kwamba palipo na moshi hapakosi moto, na moto wa pale una mtu aliyeuwasha. Toka siku hiyo kikombe cha mshonaji huoshwa peke yake na kuwekwa dirishani. Mume anajua, amenyamaza, na kimya hicho kinamuuma mshonaji kuliko uvimbe.

"Kuna mtu kaniambukiza?" aliuliza.

"Hapana, dada. Mtoto akiwa tumboni kuna kijia hapa, kisha hujifunga. Chako hakikujifunga, maji yakajaa. Ni nadra tu. Umezaliwa nacho."

"Mwambie mama mkwe. Mimi haniamini."

Siku ya upasuaji umeme ulikatika ngozi ikiwa imeshachanwa. Daktari aliendelea kuubandua uvimbe taratibu usipasuke, akafunga shina lake, akautoa mzima. Chumba kikajaa nuru. Muuguzi, ambaye ameona mengi, aliupokea kwa mikono miwili huku machozi yakimtoka.

"Jamani," alisema, "mtu anabeba kitu kizuri hivi halafu anaona haya."

Mshonaji, aliyekuwa macho kwa ganzi ya mgongo, alitaka kujua unatumika mshono gani. Wa ndani kwa ndani, daktari alimjibu, usioonekana juu.

Maabara walipima ngozi ya uvimbe: si saratani, si maambukizi. Maji yake yalirudishwa yakiwa kwenye chupa, bado yanawaka. Daktari alimweleza mama mkwe ana kwa ana, neno kwa neno. Mama mkwe aliitikia yote, akashukuru, akaiomba chupa, maana taa ya jikoni ilikuwa imeungua.

Jioni ile majirani walikuja kuitazama, wakajazana mlangoni. Mume alisema inapendeza. Baada ya chakula mama mkwe aliosha vyombo, akisifu kwamba sasa anaona hata doa dogo. Vikombe akavipanga rafuni. Cha mshonaji akakiosha peke yake, akakiweka dirishani.