Koma Mbili za Bwana Kirimi

Jumatatu ya kufungua shule baada ya likizo fupi, Mwalimu Wamuyu aliingia kidato cha tatu akakuta nusu ya madawati hayana watu. Alikuwa amechoka hata kabla ya kushika chaki. Ukame ulikuwa umeingia mwaka wa pili pale Kiritiri, maji yalinunuliwa kwa mitungi kutoka kwa wenye punda, na muhula mzima alikuwa akifundisha vishazi vya Kiingereza kwa wavulana waliosinzia kwa njaa.

"Wenzenu wako wapi?"

Kijana wa dawati la mbele akasimama. "Tulifukuzwa, Mwalimu. Sisi sote. Barua ilisema hivyo. Mimi nimerudi kwa sababu nyanya yangu hajui kusoma."

Akampa barua. Mwalimu mkuu, Bwana Kirimi, alikuwa amewaandikia wazazi wote wa darasa lile kuhusu vijana wanne waliovunja stoo ya chakula. Wamuyu akasoma, akarudia sentensi moja: *The Form Three boys, who broke into the store, are expelled.* Yaani vijana wa kidato cha tatu, waliovunja stoo, wamefukuzwa.

Bila zile koma, kishazi cha katikati kingewatenga wakosaji na wenzao: waliovunja stoo ndio waliofukuzwa, basi. Koma mbili zilikifanya kuwa maelezo ya pembeni tu, na darasa zima likawa limevunja stoo, darasa zima limefukuzwa.

Ofisini, Bwana Kirimi alikuwa amevua viatu chini ya meza, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Kila mtu anajua ni wale wanne," alisema.

"Hapa shuleni tunajua. Huko nyumbani wanajua barua."

"Yaani ni koma tu, Mwalimu?"

"Ni koma tu."

Bwana Kirimi akamwita karani apige chapa barua nyingine. Kufikia Ijumaa wavulana walikuwa wamerudi, isipokuwa wale wanne na Ndwiga, kijana mpole ambaye insha zake Wamuyu huzisahihisha mwisho ili alale na moyo mwepesi.

Jumamosi akaenda kwao kwa miguu. Jua lilimpiga kisogoni njia nzima. Alimkuta baba yake, Mzee Gichovi, akiwakatia mbuzi matawi, maana nyasi zilikuwa zimekwisha.

"Nimekuja kumwona Ndwiga, Baba."

"Hayuko. Alienda Kiambere kwa mjomba wake. Anapakia mchanga kwa malori." Akaweka panga chini. "Mtoto amefukuzwa shule, Mwalimu, angekaa hapa afanye nini?"

"Hakufukuzwa. Barua iliandikwa vibaya. Hamkupata ile ya pili?"

"Hatukupata kitu. Ile ya kwanza alinisomea katekista, akaisoma mara mbili. Ikasema vijana wa fomu three walivunja stoo."

Wamuyu akachukua kijiti, akachora sentensi mchangani, akaanza kueleza kama alivyoeleza darasani miaka yote. Hapa kuna koma, kwa hivyo ni wote. Ukizitoa, ni wale tu. Sauti yake mwenyewe ilimchosha. Mzee alifuata kijiti kwa macho mpaka mwisho.

"Kwa hivyo hakuvunja."

"Hakuvunja."

"Aliniambia," Gichovi alisema polepole. "Aliniambia hakuwa pale. Nikampiga kwa wizi, kisha nikampiga tena kwa uongo."

Mbuzi waliendelea kutafuna.

Gichovi alikwenda Kiambere mwenyewe kesho yake. Mara ya kwanza kijana alikataa kumsikiliza, akaendelea kutupa mchanga juu ya lori mpaka baba akaondoka. Mara ya pili mzee alishika koleo, akapakia naye hadi lori likajaa, na jioni wakarudi pamoja.

Ndwiga aliingia darasani baada ya wiki tatu, viganja vimechubuka, akakaa nyuma. Wamuyu alitaka kumpa pole kwa ile barua. Lakini mtihani ulikuwa unakaribia na mada zilikuwa nyingi, kwa hivyo alifuta ubao, akaandika kichwa cha somo jipya, na alipogeuka akaona kijana amekwisha kuanza kunakili.