Mwandiko Ndani ya Kifuniko

Asubuhi ambayo baba hakurudi, ovaroli yake ilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango wa gereji, na mfukoni mlikuwa na nusu ya biskuti. Alikuwa ametoka kulijaribu lile gari la Kiingereza, jekundu, la milango miwili, lililo chini kiasi kwamba kuingia ndani ilibidi ujikunje kama unaingia mvunguni. Kwenye kilima injini ilizima ghafla. Akashuka kulisukuma peke yake, akaanguka. Hospitali wakasema mshipa wa damu umepasuka kichwani.

Binti yake, ambaye gereji nzima walimwita Spana tangu akiwa darasa la pili, aliyasikia hayo ya mshipa, lakini moyoni alishika ya injini. Isingezima, baba asingesukuma. Na injini haizimi hivi hivi.

Tena alikuwa na wa kumshuku. Wiki moja kabla, mchana watu walipokwenda kula, alimkuta baba mdogo ameliinamia gari lile lile, anafungua kifuniko cha mkanda wa taiming, ule mkanda wa mpira wenye meno unaozifanya valvu na pistoni zipishane bila kugongana.

"Unatafuta nini kwenye gari la baba?"

"Naangalia tu, mwanangu."

"Kuangalia kunahitaji spana?"

Baba mdogo akarudisha boliti mbili alizokwisha kuzitoa, akaondoka akijifuta mikono isiyo na grisi. Tangu siku hiyo Spana alikula chakula chake cha mchana humo humo gerejini, mgongo ameegemeza kwenye gurudumu la gari jekundu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa, mwezi mmoja baada ya mazishi, alilifungua gari mwenyewe. Baba mdogo akaja na stuli yake, akasita mlangoni.

"Kaa," Spana alisema. "Nataka uwepo nikiona."

"Nipo," alijibu, akakaa.

Mkanda ulikuwa umekatika, meno yamenyofoka. Aliukagua kama alivyofundishwa. Ungekuwa umeliwa na oili, ungekuwa laini na wenye harufu, lakini ulikuwa mkavu. Ungekuwa mzee, mgongo wake ungekuwa na nyufa. Haukuwa na hata ufa mmoja. Akaijaribu ile roli inayoubana mkanda. Haikuzunguka. Beringi yake ilikuwa nyeusi, imeungua. Ndipo akakumbuka mlio mwembamba uliokuwa ukipanda kila ukikanyaga mafuta, na baba akicheka, "Gari la wenyewe hili, linapiga mluzi."

"Ulikazwa kupita kiasi," alisema bila kugeuka. "Baba alipima kwa vidole. Akiusokota mkanda ukafika robo mzunguko, basi. Miaka thelathini hakukosea."

"Hakukosea," baba mdogo alikubali, macho sakafuni.

Spana akakigeuza kifuniko. Kila alipofunga mkanda mpya, baba aliandika tarehe na kilomita upande wa ndani kwa kalamu nyeupe, tarakimu zimenyooka kama zimepigwa chapa. Hizi zilitambaa, zikateremka hadi ukingoni.

"Huu si mwandiko wake," alisema, safari hii akimtazama usoni. Spana akakibeba kifuniko kwenda nyumbani kwa mama, kama mtu anayebeba ushahidi.

Mama alikuwa anakunja mashati ya marehemu. Akakitazama kifuniko kwa muda.

"Ni wake."

"Mama, mwandiko wa baba naujua."

"Unaujua wa zamani." Mama akagusa kifungo cha shati alilolishika. "Vifungo hivi nilikuwa namfunga mimi, tangu mwaka jana. Vidole vya mkono wa kulia vilikufa ganzi. Akaniapisha nisiseme. Fundi asiyehisi mkanda, nani atamletea gari? Nikamwambia twende hospitali, akasema kesho. Mficha maradhi..." Akachukua shati jingine. "Baba yako mdogo aligundua mwenyewe. Alikuwa anapita nyuma yake mchana, analegeza alichokaza. Kaka mtu hakujua mpaka anakufa."

Spana alikaa kitandani, kifuniko mapajani, akahesabu michana. Ilikuwa sita, kutoka siku aliyomfumania mpaka siku ya kilima. Yote sita alikula pale pale, kwenye gurudumu.

Aliporudi gerejini, baba mdogo alikuwa bado kwenye stuli.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Hukuwa na sura ya kuambiwa."

"Na siku zilizofuata?"

"Nilikuja. Kila nikichungulia, nakuona na bakuli lako." Akasugua goti. "Nikasema wiki ijayo atachoka kulinda."

"Hospitali walisema mshipa."

"Walisema."

Spana akakifuta kifuniko vumbi kwa tambara, akiuzunguka ule mwandiko asiuguse, akakiweka juu ya rafu.

Valvu nane za gari jekundu zimepinda, mpya zimeagizwa. Siku hizi mkanda ukifungwa katika gereji ile, Spana anakaza, baba mdogo anapima, na ikifika mchana wote wawili wanakwenda kula nje.