Wasifu wa Mwalimu Kefa

Kaburi la Mwalimu Kefa lilikuwa bado wazi Mjerumani alipoingia Gulwe na askari wake kukamata wapagazi wa vita. Hana, binti wa marehemu, aliwatazama kaka zake, akaona wamekauka midomo.

"Bwana, turuhusu kwanza tumzike baba," alisema kwa Kijerumani alichofundishwa na babaye.

Mjerumani alishangaa, akawaashiria askari wake wangoje njiani, akavua kofia. "Haya. Lakini upesi."

Hana akaanza kumsimulia maisha ya marehemu, naye Mjerumani akamkazia macho. Alieleza jinsi babaye alivyokulia shambani akifukuza ndege kwenye uwele, akasoma misheni hadi akawa mwalimu, na bado kila jioni alirudi kulima na mkewe na kuwafundisha wanawe kusoma. Nyuma ya waombolezaji, wanaume walikuwa wakinyemelea kuingia kwenye uwele mrefu, mmoja mmoja. Hana alipoishiwa maneno, aliuanza upya utoto wa babaye.

"Basi!" Mjerumani alifoka. Akageuka, akaona wanawake na wazee tu.

Ghala la akina Hana lilichomwa moto siku hiyo, lakini hakuna aliyefungwa kamba kupelekwa upagazi. Hana na mama yake walilifukia kaburi wenyewe, huku moshi ukiwawasha macho.