Siku Niliyojifanya Ofisa Uhamiaji

Chuoni kwetu mimi ndiye ninayewafundisha wafanyakazi namna ya kuwasaidia wanafunzi wa kigeni katika mambo ya vibali. Kazi yenyewe ni ndogo. Kichwa changu ndicho kikubwa. Nipe kipaza sauti na viti viwili vitatu vyenye watu, najiona waziri.

Tatizo, semina zangu zilikuwa zinalaza watu. Mkutubi alishawahi kukoroma waziwazi, nami nikajifariji kwamba ni uchovu wa vitabu. Safari hii nikaamua kuigiza: mimi niwe ofisa uhamiaji, wao wawe wanafunzi. Nikaazima koti la kazini la shemeji yangu, msimamizi wa walinzi. Koti la bluu iliyokolea, vifungo vya kung'aa, nembo begani.

Mke wangu alinitazama toka juu hadi chini. "Unakwenda kufundisha au kukamata watu?"

"Kaka yako mwenyewe kasema limenikaa," nikamjibu, nikatoka nimevimba kama chura.

Ukumbini nikamsimamisha mhasibu mbele yangu, nikapiga meza kofi. "Kibali chako kimeisha! Unajua adhabu yake?"

Mhasibu, mtu mzima mwenye wajukuu, akababaika. "Samahani, afande, mimi…"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Kilemba cha ukoka hicho, nami nikakivaa. Nikapandisha sauti: "Hakuna cha samahani! Kafunge mizigo, leo leo unarudi kwenu!"

Hapo hapo mlango ukafunguka. Aliingia msichana amekumbatia faili, mwanafunzi aliyekuwa akirudi masijala akakosea mlango. Akaliona koti, akasikia habari ya mizigo. Faili likamponyoka, naye akatimua mbio.

Mwenye akili angevua koti kwanza. Mimi nikatoka nalo hivyo hivyo, napiga kelele korido nzima: "Simama! Simama, mimi ni rafiki!" Kadiri nilivyojitangaza urafiki ndivyo alivyoongeza mwendo. Kwenye ngazi nikateleza, nikazimalizia kwa makalio. Yeye akajifungia kwenye choo cha wanawake.

Mama wa masijala, ambaye naye alikuwa kwenye semina, akanifikia akihema, na lile faili mkononi. "Vua hilo koti," akasema. "Halafu kaa kule mbali."

Akagonga mlango taratibu. "Mwanangu, usiogope. Yule si ofisa, ni mwalimu wa semina. Alikuwa anaigiza."

Sauti ikauliza toka ndani, "Semina ya nini?"

"Ya kuwasaidia nyinyi wageni."

Nikasikia kicheko kilichochanganyika na kwikwi, na kitasa kikalia.

Kibali chake, alivyotueleza alipotoka, kilikuwa bado hai. Alichohitaji ni barua ya chuo tu, ili aongezewe muda kabla hakijaisha. Idara ilimtuma masijala, masijala wakamrudisha idarani, akazungushwa mpaka akawa anaona haya kugonga mlango wowote. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nisamehe sana, binti," nikamwambia. "Nilitaka wafanyakazi waielewe hofu yenu."

"Wameielewa?"

"Sijui. Mimi nimeielewa."

"Sawa. Na barua?"

Hakuwa na haja na toba yangu. Mama wa masijala alimshika mkono wakaenda zao, na kabla ya chakula cha mchana barua ilikuwa na sahihi na muhuri.

Niliporudi ukumbini nimebeba koti kwapani, nilidhani watu wametawanyika. Wapi! Viti vilikuwa vimesogezwa duara, mhasibu amesimama katikati, na watu, ambao baadhi yao walitufuata koridoni wakasikia yaliyompata binti, wanabishana kwelikweli: nani humrudisha mwanafunzi kwa nani, na kwa nini. Waliafikiana kwamba mwanafunzi mwenye shida ya kibali asitumwe ofisi nyingine peke yake. Apelekwe, au angalau ofisi hiyo ipigiwe simu mbele yake. Jambo hilo nilikuwa nimelihubiri miaka nenda rudi, hakuna aliyeliandika.

"Leo semina imenoga," mhasibu akaniambia kwa moyo mweupe kabisa. "Hasa ulipotoka."

Yule binti aliongezewa muda wake. Siku hizi mama wa masijala ndiye anayefundisha sehemu kubwa ya semina. Mimi napanga viti, na huwa naombwa niseme maneno machache ya kufungua. Mkuu wa idara hukazia hilo neno "machache".