Nani Anaitia Chia Uchungu

Dada yangu alinivuta hadi chumbani kwake, akafunga mlango, akaegemea cherehani yake na kunipa kijiko.

"Onja."

"Nini hiki?"

"Wewe onja. Maswali baadaye."

Alikuwa ameshika chupa pana iliyowahi kuwa ya jamu. Ndani mlikuwa na kitu kizito, cheupe, kimejaa nukta nyeusi, na juu yake vipande vya nanasi. Ungeniambia ni mayai ya chura yamelazwa kwenye maziwa ningeamini. Nikala. Mwanzoni kilikuwa baridi, kitamu, kinateleza chenyewe. Halafu uchungu ukapanda kutoka nyuma ya ulimi, kama kidonge kilichokuyeyukia mdomoni kabla hujapata maji.

"Chungu," nikasema.

"Chungu, eeh?" Akashusha pumzi. "Basi sina wazimu. Sasa nisikilize, Kiguu na Njia, na leo usiniache katikati ya maneno. Mke wa mwanangu ananitilia kitu."

Kiguu na Njia ndilo jina alilonipa tangu nilipoacha shule ya kwanza. Ya pili na ya tatu niliziacha vilevile, na miji sikuihesabu. Safari hii nilikuwa nimefika kwake na begi moja, nikitaka kupumzisha magoti, naye akanipa godoro sebuleni bila kuniuliza nitaondoka lini.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Daktari alimwambia apunguze sukari na mafuta, na tena choo chake kilikuwa kigumu, jambo ambalo dada alilitangaza bila aibu. Mkamwana wake, ambaye anauza katika duka la dawa, akaleta mbegu za chia. Akasema zikilowekwa kwenye maziwa zinavimba, zinakuwa laini, zinashibisha na zinafungua tumbo. Akawa anamtengenezea kila jioni, ale asubuhi. Siku za mwanzo dada alisifu mpaka majirani wakachoka. Kisha uchungu ukaingia.

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Tangu lini mtu akakosoa chakula cha mkwe mezani? Nasema ahsante mwanangu, akitoka namwaga chooni."

"Labda hajui."

"Hajui! Mtu anashinda katikati ya dawa kutwa nzima, hajui? Na chake mwenyewe anakitenga. Ukafungue friji uone. Changu kina kifuniko cheupe, chake chekundu. Kwa nini tusile chupa moja? Na asubuhi haondoki mpaka anione nimetia kijiko cha kwanza mdomoni. Anasimama pale mlangoni, mkoba begani, ananitazama." Akashusha sauti. "Siku ile ile alipohamia alisema chumba hiki kina mwanga mzuri."

"Chumba kina mwanga mzuri kweli."

"Usinichekeshe. Nikiuona ushahidi, anatoka humu ndani. Na mwanangu akitaka kumfuata, njia ni pana."

Hapo nikaacha utani. Mpwa wangu ni mtoto wake pekee, na ndoa yenyewe ilikuwa bado inanuka rangi.

Jioni ile nikahamishia kiti changu jikoni. Mke wa mpwa wangu alikuwa binti mwembamba, mwepesi wa mikono, asiyependa maneno mengi. Alichota mbegu vijiko vitatu vikubwa, akazimwaga kwenye bakuli lenye maziwa yaliyochemshwa na kupoa. Akakoroga. Akaacha kidogo, akakata nanasi nililoleta, akarudi akakoroga tena.

"Mbona mara mbili?" nikauliza.

"Zinashikana, Mjomba. Usiporudia unapata donge chini na maji juu."

"Na asali?"

"Kidogo tu. Mama hatakiwi sukari." Akanitupia jicho. "Mjomba unataka kujifunza, au unanihesabia mbegu?"

"Mzee hana kazi, anatazama."

"Haya, tazama. Kutazama hakulipiwi."

Akagawa kwenye chupa mbili. Kwenye ile ya kifuniko cheupe akachanganya nanasi la kutosha, akalizamisha kwa kijiko. Ile ya kifuniko chekundu akaikatia ndizi. Sikuona karatasi, sikuona unga, sikuona kidole kikienda mfukoni. Alipogeuka kuosha bakuli nikachovya kijiko kwenye chupa ya dada. Tamu. Nikalamba na kukirudisha haraka kama mwizi wa sukari.

Asubuhi, chupa ile ile ilikuwa chungu. Nikafungua na ile nyekundu, nikaiba kijiko kimoja. Tamu tupu, maziwa na ndizi.

Basi nami nikaanza kumtazama kwa jicho la dada. Ikiwa jioni ni tamu na asubuhi ni chungu, lazima kuna mkono unaopita katikati. Siku iliyofuata, kabla ya kulala, nikachomoa uzi mweusi kwenye cherehani, nikaubandika kwa mate na sabuni juu ya mlango wa friji. Hiyo niliijua tangu nikilinda ghala la watu. Kulipokucha uzi ulikuwa palepale, haujaguswa. Chupa ilikuwa chungu.

Nikampelekea dada habari nikidhani nimemwokoa mkamwana.

"Hakuna aliyefungua," nikamwambia.

"Ndiyo kusema anatia mapema."

"Lakini jioni nilionja, tamu."

"Basi ni dawa inayochelewa. Anaziuza, unafikiri hazijui?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba kila nilichokileta alikigeuza kikawa kuni za moto wake. Mchana wake akampigia simu mwanawe. Mpwa wangu ni fundi wa friji, alikuja na mkanda wa vifaa kiunoni, mikono ina grisi, akidhani mama kaanguka. Alipoambiwa, akakaa chini polepole.

"Mama, hiyo friji nimeijaza gesi mwenyewe. Labda maziwa yanaharibika."

"Yangeharibika yangekuwa makali. Mimi nasema machungu. Muulize mjomba wako."

Mpwa wangu akanigeukia. "Mjomba, na wewe?"

"Ni chungu kweli," nikasema. "Zaidi ya hapo sijui."

"Zaidi ya hapo hamjui, lakini mmeshamfunga!" Akasimama, vifaa vikagongana. "Mama, kuna chumba nyuma ya karakana, mwenye chumba ananibembeleza kila siku nikichukue. Ukitaka tutoke sema tu. Lakini usimwite mke wangu mchawi."

"Sijasema mchawi. Nimesema duka la dawa."

Mkewe alikuwa amefika kutoka kazini. Alisimama kwenye kizingiti, kiatu kimoja mkononi, na sijui alisikia kuanzia wapi. Hakulia, hakupiga kelele. Alikwenda kwenye friji, akatoa chupa ya kifuniko cheupe ambayo dada alikuwa bado hajaimwaga, akakaa mezani na kuanza kula. Kijiko cha kwanza kikamkunja uso. Akaendelea. Tulibaki tumesimama tukimtazama anavyomeza, na mume wake alisema, "Acha, basi, acha," lakini hakuacha mpaka alipokwangua chini.

"Ni chungu," akasema. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Dada akatazama sakafu.

"Ningejuaje? Mimi nanasi linaniwasha ulimi, ndiyo maana changu natia ndizi. Nilisimama kila asubuhi nikusikie ukisema tamu, ndipo niende kazini na moyo mweupe. Ulisema tamu, Mama. Kila siku ulisema tamu."

"Nilikustahi," dada akajibu, sauti ndogo.

"Na mwanzo haikuwa chungu," binti akaendelea, akifikiri kwa sauti. "Mwanzo ulikuwa unamaliza, unaomba nyingine. Uchungu umeanza alipokuja Mjomba."

Wote watatu wakanitazama. Nimewahi kutazamwa hivyo kwenye malango ya miji ya watu, lakini si na dada yangu.

"Kweli," dada akasema taratibu. "Ulipokuja ndipo."

"Dada! Mimi nina nini cha kukutilia?"

"Sijui. Nauliza tu. Unaingia jikoni kila jioni."

"Ulinituma wewe!"

Binti akapiga meza kwa kijiko. "Kesho siendi kazini," akasema. "Ni siku yangu ya mapumziko. Tutatengeneza hapa hapa mezani, mchana kweupe, na hakuna mtu atakayetoka. Tujue."

Asubuhi tukakaa. Ungepita dirishani ungedhani tunalinda maiti. Bilauri tatu katikati ya meza, kila mmoja wetu upande wake. Binti alitengeneza chia ile ile, akagawa sawasawa. Bilauri ya kwanza hakutia kitu, ya pili ndizi, ya tatu nanasi. Akafunika kila moja kwa kisosi. Kila mtu akaonja kabla, na zote zilikuwa tamu.

Kisha ikawa kungoja. Mpwa wangu alitaka kwenda msalani, mama yake akasema aende na mjomba, mimi nikasema sijawahi kusindikizwa msalani tangu nilipotoka kwenye nepi, na sitaanza na mpwa. Akaenda peke yake, mlango wazi, akiimba ili tumsikie. Dada alicheka kidogo kisha akakumbuka kwamba tuko katika kesi. Binti hakucheka. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, viganja juu, kama mtu anayekaguliwa.

Jua lilipohamia upande wa pili wa chumba, akafunua. Tukaonja kwa zamu, na dada akawa wa mwisho. Ya kwanza, tamu. Ya ndizi, tamu. Ya tatu aliiweka ulimini na uso wake ukajibu kabla ya mdomo.

"Nanasi," akasema.

Akalitazama ganda la nanasi lililobaki kwenye sahani muda mrefu.

"Mama alikuwa anasugua papai bichi kwenye nyama ngumu," akasema. "Nyama inalegea yenyewe kabla ya moto. Likilala sana na nyama, linaigeuza uji. Na nanasi ni ndugu yake. Linakula ulimi, litashindwa kula maziwa?" Akanielekezea kidole. "Na nani anayeleta mananasi humu?"

Ni mimi. Siwezi kukaa ndani, kwa hiyo kila siku natembea hadi sokoni, na mtu hawezi kurudi kutoka sokoni mikono mitupu. Kabla yangu walikuwa wanatia embe na ndizi.

"Basi yamekwisha, mwanangu," dada akamwambia mkamwana wake. "Nanasi utakuwa unaliweka juu wakati wa kula, lisilale na maziwa. Yamekwisha."

"Yamekwisha kwako, Mama," binti akasema, akizikusanya bilauri. Hakusema kwa ukali.

Usiku ule nilipomuuliza mpwa wangu kama bado anakitaka chumba cha karakana, aliendelea kupanga vifaa kwenye mkanda wake.

Asubuhi binti alivaa nguo za kazi, akatoa chupa kwenye friji, chia na maziwa peke yake, akamimina bakulini, akapanga juu yake embe lililokatwa saa hiyo hiyo mbele ya macho yetu. Akaliweka bakuli mbele ya dada. Akasimama mlangoni, mkoba begani. Mume wake alikuwa anafunga mkanda wa vifaa.

Dada akachota. Kijiko kikafika karibu na mdomo, kikasimama. Naapa hakukusudia. Ni mkono tu, ulishazoea. Kijiko kikageuka kikanijia mimi.

"Anza wewe," akasema.

Akasikia alichokisema. Sote tulikisikia.

Binti akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa jibu la swali. "Mwambie mwenye chumba tunakuja," akamwambia mumewe, akatoka. Viatu vyake vikashuka ngazi. Mpwa wangu akabaki katikati ya chumba, hajui amfuate nani.

"Umeona ulivyofanya?" nikamwambia dada.

"Sikutaka."

"Usiniambie mimi."

Dada yangu ana magoti mabaya kuliko yangu. Ngazi zile huzishuka kwa kushika ukuta na kulaani aliyezijenga. Siku ile alishuka na bakuli mkononi, kichwa wazi, kanga ya kulalia, mimi nikamwona kutoka dirishani akitokeza barabarani na kumwita yule binti kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu tukiwa watoto. Watu waliokuwa wanafungua maduka wakageuka. Binti akasimama.

Na dada, mwanamke ambaye maisha yake yote amesema kula njiani ni kazi ya mbuzi, akasimama katikati ya wapita njia akaanza kula. Kijiko baada ya kijiko, bila kuinua macho. Embe likamdondokea kangani.

Binti akarudi hatua chache. Nilimsikia vizuri, maana dirisha haliko juu sana.

"Mjomba ameonja?"

"Hajaonja."

Akainua uso kunitafuta dirishani. Nikatikisa kichwa, sijaonja. Hakuniamini moja kwa moja, nilimwona anavyonipima. Akasubiri mpaka dada akameza kijiko cha mwisho, kisha akalichukua bakuli mkononi mwake, akaliinamisha na kutazama ndani, kama wanavyotazama mdomo wa mgonjwa kuhakikisha kidonge kimekwenda.

Akalirudisha.

"Jioni nitakuja na maziwa," akasema. "Maana yamebaki kidogo."

Akaondoka zake kazini, na hakugeuka nyuma.